Macho Yameshiba, Hadithi Haikunishika: Uchambuzi wa Kisa cha Maonesho Mawili ya Filamu Moja Mtwara

Kwa nini kisa hiki kimeandikwa

Kikundi chetu huonesha filamu kwa umma katika mtaa mmoja wa Mtwara Mjini na hukusanya maoni ya watazamaji kila onesho linapokwisha. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba kazi ngumu ni kuipata filamu nzuri, na kwamba kuwauliza watu wameionaje ni kazi ya dakika tano ambayo yeyote mwenye kalamu anaiweza. Filamu moja ya safari za ajabu, iliyojaa mapambo na mzaha, ilitutoa katika imani hiyo, kwa sababu maoni tuliyoyakusanya usiku wa kwanza yalitufanya tuandike kwenye kumbukumbu zetu jambo lisilo la kweli kuhusu watazamaji wetu. Ninakieleza kisa hiki kwa ajili ya vikundi vingine, walimu wa fasihi na wenye mabanda ya video, ambao nao huwauliza watu maoni na kisha kuamua mambo kwa kuyategemea. Majina ya wahusika, mtaa, ukumbi na tarehe yameondolewa, na kazi za baadhi ya watu zimebadilishwa pale ambapo zingewatambulisha.

Mazingira

Watazamaji wa Mtwara hawakuanza kutazama filamu kwetu. Wengi wamekulia kwenye vibanda umiza, ambako mtu hulipa kiingilio kidogo, hubanana na wenzake kwenye benchi, na kutazama picha za ngumi, za Kihindi au za Kimarekani huku sauti ya mtafsiri ikieleza kila kitu kwa Kiswahili, ikitia utani wake na kuwabandika wahusika majina mapya. Mtazamaji aliyelelewa humo ana kanuni zake. Anataka kumjua steringi mapema, anataka kumjua adui, na anajua kwamba steringi hafi. Sikubaliani na wanaozibeza kanuni hizo, kwa kuwa ndizo zinazomwezesha mtu kuifuata hadithi ya lugha asiyoijua kwa saa mbili nzima bila kupotea.

Watu hao hao, hasa waliovuka umri wa miaka arobaini, wana shule nyingine ya zamani zaidi, nayo ni hadithi za mdomo. Wanamjua Abunuwasi na hila zake, wanazijua safari za Sindbad, na wanajua kwamba msimulizi akisema “Hadithi! Hadithi!” wao hujibu “Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea.” Ninaomba msomaji ayaweke moyoni maneno hayo, kwa kuwa yatarudi. Aidha, huku kusini tuko jirani na wachongaji wa Kimakonde, ambao tangu miaka ya 1950 wamekuwa wakichonga kwa mpingo mtindo unaoitwa shetani, wenye viumbe vya jicho moja, masikio makubwa na viungo vilivyohama mahali pake. Mtu anayepita kila siku mbele ya vinyago hivyo hawezi kuambiwa kwamba ndoto za ajabu ni kitu kigeni kwake.

Kikundi kina watu sita wa kujitolea, projekta moja, spika mbili na kitambaa cheupe kinachotandazwa ukutani. Kibali cha onesho la hadhara kilipatikana kama inavyotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo sitarudi tena kwenye suala hilo.

Filamu yenyewe

Filamu ni The Adventures of Baron Munchausen, iliyoongozwa na Terry Gilliam na kutolewa mwaka 1988, yenye urefu wa dakika 126. Mhusika wake mkuu anatokana na mtu aliyekuwapo kweli, kabaila wa Kijerumani aliyeishi kati ya mwaka 1720 na 1797 na kusifika kwa kusimulia makuu ya vita na uwindaji wake. Mwaka 1785 Rudolf Erich Raspe alichapisha nchini Uingereza kitabu cha visa vilivyonasibishwa na kabaila huyo, na tangu hapo jina lake limekuwa jina la kila muongo mwenye kipaji.

Hadithi inaanza katika mji wa Ulaya uliozingirwa na jeshi la Waturuki mwishoni mwa karne ya 18. Ndani ya jumba la maigizo lililobomolewa na mizinga, waigizaji wanaigiza maisha ya Baroni, ndipo mzee mmoja anapoingia na kudai kwamba yeye ndiye Baroni mwenyewe, na kwamba wanachokiigiza ni uongo mtupu. Anasema vita ilianza kwa sababu ya dau alilowekeana na Sultani juu ya chupa ya mvinyo iliyopaswa kuletwa kutoka Vienna ndani ya saa moja. Kisha anatoka mjini kwa puto lililoshonwa kwa nguo za ndani za hariri za akina mama, akiwa na binti mdogo, Sally, aliyejificha humo, kwenda kuwatafuta watumishi wake wanne: mkimbiaji wa kasi isiyosemeka, mlenga shabaha mwenye macho ya kuona mbali kupita kiasi, mtu mwenye masikio makubwa na pumzi ya kimbunga, na pandikizi la mtu lenye nguvu. Wanafika mwezini, wanaangukia ndani ya mlima wa moto wa Etna, wanamezwa na mnyama mkubwa wa baharini, na njia nzima mzee anaandamwa na Mauti katika umbo la mifupa yenye mabawa. Hata hivyo adui mbaya zaidi yumo ndani ya kuta za mji. Ni Horatio Jackson, ofisa anayetawala kwa hesabu na taratibu, ambaye anaamuru askari aliyefanya ushujaa wa kupita kiasi auawe kwa sababu ushujaa huo unawavunja moyo askari wa kawaida.

Sehemu kubwa ilipigwa katika studio za Cinecittà mjini Roma, mpiga picha akiwa Giuseppe Rotunno na mbunifu wa mandhari Dante Ferretti. Gharama zilivuka dola milioni 40, ilhali mapato ya Marekani yalikuwa takriban dola milioni 8. Iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, za mandhari, mavazi, urembo wa sura na mbinu za picha, isipate hata moja, lakini Uingereza ikapata tuzo tatu za BAFTA. Ninayataja haya kwa sababu tuliyataja pia usiku ule wa kwanza, na hapo ndipo tulipoanza kukosea.

Usiku wa kwanza

Tulifanya maamuzi manne, na kila moja lilikuwa na sababu iliyoonekana ya busara wakati ule.

La kwanza lilikuwa kuionesha filamu kwa Kiingereza bila mtafsiri. Tulijiambia kwamba filamu hii ni ya kutazamwa zaidi kuliko ya kusikilizwa, na kwamba sauti ya mtafsiri ingefunika muziki na kuharibu uzuri wake. Nakiri kwamba ndani ya hoja hiyo kulikuwa na majivuno kidogo: tulitaka kujitofautisha na kibanda umiza. La pili lilikuwa kutoa utangulizi wa dakika chache kuhusu mwongozaji, gharama na tuzo. La tatu lilikuwa kuruka mahali ambapo Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, anatokea ndani ya kombe la baharini akiwa hana nguo, kwa kuwa watoto walikuwapo na wazazi wao walituamini. La nne lilikuwa kugawa karatasi yenye visanduku vitatu, “nzuri”, “wastani” na “mbaya”, ili watu wajaze haraka na kwenda nyumbani.

Tulianza saa mbili na nusu usiku, baada ya sala ya Isha. Giza lilikuwa zuri na picha ilikaa vema ukutani. Hazina ya Sultani ilipofunguliwa na dhahabu kumwagika machoni pa watu, ua mzima ulinyamaza. Chombo cha Baroni kilipoelea kwenye bahari iliyogeuka kuwa mchanga wa mwezini, nilisikia pumzi zikivutwa kwa pamoja, na nilifurahi kama vile nimeitengeneza mimi.

Hata hivyo, kabla ya hapo palikuwa pametokea jambo lililopaswa kutushtua. Katika sehemu ya Sultani kuna mahali ambapo anapiga kinanda chake huku ndani yake wamefungwa watu, na kila anapobonyeza kitufe mtu huchomwa na kulia. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu anayeheshimika mtaani, alisimama na kuuliza kwa sauti iliyosikika na wote, “Kwani kwa hawa kila sultani lazima awe mtesaji?” Mwenzetu mmoja alimjibu kwa adabu, lakini kwa haraka, “Mzee wangu, hii ni filamu tu.” Mzee alichukua kofia yake akaondoka, na majirani wawili wakamfuata.

Tatizo la pili lilitokea Etna. Mwendeshaji wa projekta alikusudia kuruka sekunde chache, lakini aliruka sehemu nzima, ukapotea hata ule mchezo ambamo Baroni na Venus wanacheza dansi hewani katikati ya maporomoko ya maji. Wivu unaotokana na dansi hiyo ndio unaomfanya Vulcan, mumewe Venus, awatupe wageni hadi watokee upande wa pili wa dunia. Watazamaji wetu waliona wageni wakikaribishwa, kisha ghafla wakitupwa. Kijana mmoja aliuliza, “Mbona wanatupwa?” na hakuna aliyemjibu.

Mwishoni Baroni anapigwa risasi na Jackson na kuzikwa kwa heshima zote. “Steringi kafa!” wakapaza sauti vijana wa nyuma, wengine wakaanza kuinuka, ndipo picha ikarudi kwenye jumba la maigizo, Baroni yu hai akisimulia, malango ya mji yanafunguliwa na jeshi la adui halipo tena. Waliokwisha kusimama waliyaona hayo wakiwa wanatafuta viatu. Saa tano usiku ilikuwa imekaribia.

Karatasi, na jinsi tulivyozisoma

Karatasi zilizorudi hazikufika sitini. Zaidi ya nusu zilikuwa na alama kwenye “wastani”, na zilizobaki ziligawanyika. Katika kikao cha kesho yake tuliandika hivi: filamu hii ni ngumu kwa watazamaji wetu, onesho lijalo lichague hadithi nyepesi. Hakuna aliyepinga, nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

Yaliyosikika mitaani

Siku chache baadaye nilipita kwa mchongaji mmoja kuchukua kinyago nilichoagiziwa. Alikuwa amehudhuria na alinikumbusha mwenyewe kwamba aliweka alama kwenye wastani. Kisha, bila kuacha kazi yake, alizungumza juu ya filamu hiyo kwa karibu nusu saa. Alizungumzia mfalme wa mwezini, ambaye kichwa chake hujitenga na mwili na kuruka kikiwaza mambo makuu huku mwili ukibaki na tamaa zake. Akasema anayejua midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hashangai, kwa sababu anayecheza amevaa kichwa ambacho si chake, na kwa muda huo kichwa ndicho chenye amri. Akayataja masikio makubwa ya yule mtumishi, akasema, “Hao tunawachonga.” Nilipomuuliza basi kwa nini wastani, alinijibu kwa maneno niliyoyafanya kichwa cha makala hii: “Macho yameshiba, hadithi haikunishika. Nimerudi nyumbani nimeshiba upande mmoja. Ningetia alama wapi?”

Jibu hilo lilinituma kuwatafuta wengine. Huko Mikindani, wavuvi wawili walikuwa bado wanabishana juu ya kamba. Katika filamu, Baroni na wenzake wanashuka kutoka mwezini kwa kamba isiyotosha, kwa hiyo wanaikata juu na kuifunga chini ili iendelee. Mmoja aliona huo ni upuuzi uliomharibia filamu nzima, kwa sababu mtu wa baharini haichezei kamba. Mwenzake alisema hiyo ndiyo sehemu pekee iliyomkumbusha Abunuwasi, na kwamba alicheka mpaka akaumwa mbavu. Wote wawili walikuwa wametia alama “wastani”.

Fundi seremala mmoja alilalamika kwamba mji wa mwezini ulikuwa mbao bapa zilizochorwa nyumba na kusukumwa. Alikuwa ameona sawasawa: sehemu ya mwezi ilipangwa kuwa na umati mkubwa, ikapunguzwa fedha zilipokwisha, wakabaki mfalme na malkia pamoja na kuta bapa zinazotembea. Mwenyewe ninaupenda mji ule kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa ufukara wake umegeuzwa kuwa ndoto, lakini jicho la fundi lilikuwa kweli na lilistahili kuandikwa. Mama mmoja muuza chapati alisema puto lile lingekuwa la khanga lingeruka vizuri zaidi, na tungesoma na jina lake. Kuhusu mnyama aliyewameza, karibu kila niliyemuuliza alimtaja Nabii Yunus bila kusita, akalinganisha. Mwalimu wa Kiswahili akakumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951 kuhusu nchi iliyo angani, na kushangaa kwa nini tulianza kwa kutaja dola badala ya kutaja nchi hiyo.

Hapakuwa na mtu “wastani” hata mmoja miongoni mwao.

Uamuzi wa kurudia

Nilirudi kwenye kikundi na kupendekeza tuioneshe tena filamu ile ile. Wawili walipinga, na hoja yao ilikuwa nzito: mafuta ya jenereta yana gharama, na watu hawapendi kurudishiwa chakula cha jana. Tuliafikiana baada ya kukubali kwamba kumbukumbu yetu ya kikao ilikuwa imewasingizia watazamaji uzito wa kuelewa, na kwamba kuiacha hivyo kungeamua filamu zote zitakazofuata.

Mabadiliko tuliyoyafanya yalikuwa haya. Tulimwomba mtafsiri wa kibanda umiza cha jirani afanye kazi nasi, naye akaitazama filamu mara tatu kabla ya siku yenyewe. Tulifuta utangulizi wa tuzo na fedha. Tuliamua kwamba mahali pa Venus patazibwa kwa kipande cha boksi mbele ya lenzi, hadithi ikiendelea. Tulianza saa kumi alasiri, ndani ya ukumbi, ili watoto wasisinzie, mazungumzo yakawekwa baada ya sala ya Magharibi. Karatasi za visanduku tuliziacha. Mahali pake tukakaa na watu katika makundi madogo na kuwauliza maswali matatu: sehemu gani utamsimulia mtu ambaye hakuja, ni wapi ulichoka au kuudhika, na je, Baroni ni muongo?

Onesho la pili

Mtafsiri alishika kipaza sauti na kusema, “Hadithi! Hadithi!” Ukumbi ulijibu kwa sauti moja, watoto kwa wazee, bila mtu kufundishwa. Uwongo njoo, utamu kolea. Kwa maneno hayo watu walikuwa wamekwisha kuukaribisha uongo kabla Baroni hajafungua kinywa chake, na yule mzee alipoingia na upanga akidai ukweli, walijua waanze kucheka wapi.

Mkimbiaji aliitwa Mwendokasi, mwenye masikio akaitwa Masikio, na mwenye nguvu akaitwa Pandikizi. Hakuna aliyewachanganya tena. Mahali pa boksi palipita salama, kukiwa na miguno miwili mitatu, na wivu wa Vulcan ukaeleweka. Jackson alipotoa amri ya kumuua askari shujaa, mtafsiri alinyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha akasema kwa upole, “Amekosa kwa kuzidi.” Nadhani hiyo ilikuwa tafsiri bora kuliko zote alizozitoa siku hiyo.

Mambo mawili yalikwenda vibaya mikononi mwake. Mauti yenye mabawa aliyaita Izraili. Kwa wengi wa waliohudhuria hilo si jina la mzaha, na akina mama wawili waliwatoa watoto wao nje. Ni kweli pia kwamba jina hilo lilimpa Sally, anayeyafukuza Mauti yasimguse mzee, ujasiri ambao usiku wa kwanza hakuna aliyeuona. Mwishoni, baada ya malango kufunguliwa, mtafsiri aliongeza maneno yake mwenyewe: “Na huo ndio mwisho wa waongo.” Msichana wa shule ya msingi aliyeketi mbele aligeuka kumtazama na kusema, “Lakini lango limefunguliwa na maadui hawapo. Sasa muongo nani?”

Tatizo jingine lilikuwa letu. Mchana ulipenya pembeni mwa maturubai tuliyoyatundika madirishani, na picha ikawa imepauka. Dhahabu ya Sultani ilionekana kama mchanga, na bahari ya mwezini ikakosa kina. Mchongaji, aliyekuja tena, alicheka aliponiona: “Leo hadithi imenishika, lakini macho mmeyalaza njaa.”

Matokeo

Mazungumzo yalichukua zaidi ya saa moja na nusu. Swali la kwanza lilitoa majibu mengi kuliko tulivyoweza kuandika, na sehemu zilizotajwa zaidi zilikuwa kamba ya mwezini, puto la hariri na kichwa kinachoruka. Swali la pili lilitupatia mambo ambayo kisanduku kisingeyabeba: watu walichoka tumboni mwa mnyama wa baharini, mahali ambapo hadithi inapunguza mwendo, na vijana kadhaa waliudhika kwamba vita ya mwisho imefanywa mzaha. Swali la tatu liligawanya ukumbi, likaendelea kubishaniwa mlangoni. Baadhi ya wazee walisema Baroni si muongo bali msimulizi, kwa kuwa anayedanganya hutaka umwamini na anayesimulia hutaka ukae umsikilize. Wengine walikataa, wakasema aliyelifanya jiji zima lifungue malango wakati wa vita kwa maneno yake ni mtu wa hatari hata kama safari hii alipatia.

Tulifuta sentensi ya kikao cha kwanza na kuandika upya.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa lililozaa mengine lilikuwa swali. Filamu ya namna hii huwapa watu mambo mawili kwa wakati mmoja, fahari ya macho na hadithi iliyovunjwa vipande kwa makusudi, na mara nyingi mtu mmoja hupenda moja na kuchukizwa na la pili. Tulipompa visanduku vitatu, alifanya hesabu ya haki kabisa: akajumlisha pendo na chuki, akagawa kwa mbili. Tukaipokea ile hesabu kana kwamba ni uvuguvugu. Kwa filamu ya ngumi, ambayo watu huikubali au huikataa kwa sababu moja, huenda visanduku vingetosha. Sisi wenyewe tulikuwa tumevitumia hivyo bila madhara, na ndiyo sababu hatukuvishuku.

Kosa la pili lilikuwa mlango tuliowaingizia watu. Tulipoanza kwa mamilioni ya dola na tuzo, tuliwaahidi kitu kikubwa na cha kuaminika, na mtu aliyeahidiwa hivyo hukasirishwa na kamba inayokatwa juu na kufungwa chini. Mtafsiri alianza kwa kiitikio cha hadithi, na kamba ile ile ikawa tamu. Hakuongeza ufafanuzi wowote juu ya fizikia ya mwezi. Aliwakumbusha tu watu ni kikao cha aina gani wamekalia. Majivuno yetu dhidi ya kibanda umiza yalitunyima chombo bora kuliko vyote vilivyokuwa jirani yetu, hatua mia mbili kutoka tulipotandaza kitambaa.

Hata hivyo sitaki msomaji achukue kwamba mtafsiri ndiye aliyeleta tofauti yote. Kati ya maonesho hayo mawili tulibadilisha saa, maswali, mpangilio wa ukumbi na namna ya kuziba picha, na baadhi ya waliokuja mara ya pili walikuwa wameiona mara ya kwanza. Haiwezekani kusema kwa haki kila badiliko lilichangia kiasi gani. Ninachoweza kukisimamia ni kwamba sentensi ya “ngumu kwa watazamaji wetu” ilikuwa ya uongo tangu siku ilipoandikwa, kwa kuwa mchongaji, wavuvi na fundi seremala walikuwa tayari na maoni yao kamili kabla ya onesho la pili kufikiriwa.

Kuruka sehemu ya Venus ulikuwa uamuzi sahihi uliotekelezwa vibaya. Watoto walistahili kulindwa, lakini kuruka kunakata sababu na matokeo, ilhali kuziba lenzi kunaficha picha na kuacha hadithi itembee. Boksi lilitugharimu bure.

Kuhusu saa, tulibadilisha hasara moja kwa nyingine. Filamu ambayo nusu ya thamani yake ni rangi haistahili kuoneshwa mchana penye matundu, na filamu ya dakika 126 haistahili kuanzishwa usiku ambapo watu wana safari ya asubuhi kwenda shambani au baharini. Kwa sasa tunafikiria kuigawa mara mbili, usiku wa leo hadi watakapoondoka mwezini na usiku wa kesho kuanzia Etna, kama msimulizi anavyokatisha hadithi na kuwaacha watoto wakimsubiri. Hatujajaribu.

Limebaki la mzee, ambalo ninalihesabu kuwa kushindwa kwetu kukubwa zaidi. Alitoa maoni ya maana kabla ya mtu mwingine yeyote, nasi tukayafuta kwa maneno matatu, “ni filamu tu”. Kama ni filamu tu, kwa nini tuliwaita watu kutoa maoni? Alichokiuliza kina msingi: hofu na kejeli za Ulaya ya karne ya 18 juu ya Waturuki zimeingia ndani ya filamu hiyo pamoja na mapambo yake, na mtoto wa Mtwara ambaye babu yake alisoma madrasa ana haki ya kujiuliza anachekeshwa na nani.

Tulikwenda nyumbani kwake watu wawili, tukaomba radhi, tukamweleza sehemu ambayo hakuiona: kwamba yule ofisa wa Ulaya, asiye na kinanda wala upanga, anaua kwa karatasi na ndiye anayempiga Baroni risasi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba lau tungemjibu hivyo usiku ule, angekaa. Kisha akauliza tena swali lake, polepole, kana kwamba hatukuwa tumelijibu: ofisa yule mwovu ni mmoja, na upande wake wamo pia Sally, waigizaji na yule askari shujaa; upande wa Sultani, ni nani mwema tuliyeoneshwa? Tulipekua filamu kichwani mwetu tukiwa tumekaa kwenye mkeka wake, na hatukumpata. Maneno yake yameandikwa ya kwanza kabisa katika kumbukumbu mpya ya onesho hilo, juu ya maoni mengine yote.